Sanamaki ya Shangazi na Sanamaki ya Ami

Mara hii sikuleta nasaba wala picha ya jahazi. Nimeleta majani. Kisa chake kinahusu ukoo wetu kama zinavyouhusu barua za marehemu Babu nilizokuandikieni zamani, na ningependa kukiandika kabla sijakisahau.

Wenzangu wa umri wangu hawana haja ya kuelezwa siku ya haluli. Likizo ya skuli ikifika, asubuhi moja, kabla hatujatia kitu tumboni, Bibi alitupanga foleni uani. Kila mmoja alipewa kikombe cha bati chenye maji ya rangi ya chai nzito, yenye kuteleza ulimini na ukakasi wa kukirihisha. Hiyo ndiyo sanamaki. Bibi aliitia tangawizi ili tumbo lisisokote sana, lakini lilisokota. Siku hiyo hakuna aliyetoka kwenda kucheza mbali, na aliyetoka alijuta. Tulikua tukiamini kwamba hakuna maradhi yasiyoogopa sanamaki, na kwamba kila mtu mzima anaijua kama anavyoijua karafuu.

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na mitatu, tulihamia Maskati. Unguja jirani zetu walikuwa wakituita Wamanga. Tulipofika Maskati tukaitwa Wazinjibari. Majina yote mawili yalitutaja kwa bandari tulikotoka, na hapana lililosema sisi ni nani hasa. Wakati huo sikulifikiri jambo hilo. Nilikuja kulifikiri miaka arubaini baadaye, kwa sababu ya mti uliooteshwa na Shangazi nyuma ya nyumba yetu.

Shangazi alirudi Unguja kwa ziara, mara yake ya kwanza tangu ujana wake. Alirudi na vitu ambavyo kila mmoja wetu angerudi navyo: karafuu, mdalasini, ukili, na mbegu zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Mbegu hizo alipewa na mtu aliyemwambia ni za sanamaki. Alizipanda karibu na bomba la maji, zikaota upesi, zikatoa maua ya manjano na maganda marefu membamba. Shangazi alifurahi kama aliyempata mwana aliyepotea. Alichuma majani akayachemsha, akanywa, tumbo likamwendesha. "Hii ndiyo sanamaki ya kwetu," alisema, "isipokuwa huku inanuka kidogo. Ni udongo wa huku."

Ijumaa moja alikuja kututembelea Ami kutoka Bidiya. Huyu ni katika wale ambao baba zao hawakusafiri kwenda Afrika, au walikwenda wakarudi mapema. Aliutazama mti, akavunja kijiti, akanusa, akakitupa. Akasema kwa Kiarabu kwamba hii si sana kabisa. Sana ya kweli iko kwao wadini, imelala chini juu ya changarawe, na yeye amekunywa tangu utotoni. Shangazi akamjibu kwa Kiswahili, akijua kwamba Ami anakifahamu vizuri kuliko anavyokiri: "Nyinyi huko wadini mlijua lini dawa? Dawa mmeletewa na majahazi." Kilichofuata hakikuwa tena habari ya majani. Ilikuwa ni habari ile ile ya nani Mwarabu wa kweli, nani alipotea na nani alirudi. Wengi wenu mmewahi kukaa katika baraza la namna hiyo mkatamani ardhi ipasuke.

Ami alipokuja tena alileta fungu la majani yake. Shangazi akayaweka kwenye mkebe mmoja na yake. Mimi nilitia la tatu, nililonunua katika duka la attari sokoni Matrah, na mwenye duka aliniambia limetoka India. Basi mkebe wetu ukawa na sanamaki tatu, na kila mmoja nyumbani aliamini yake ndiyo ya kweli na za wenziwe ni bandia.

Mwaka 2011 mjukuu wangu, wakati huo ana miaka mitatu, alikutwa chini ya mti wa Shangazi akitafuna mbegu. Maganda yalikuwa makavu, yanalia yakitikiswa, na mtoto aliyapenda kwa mlio wake. Jioni alianza kutapika. Usiku tukampeleka hospitali. Daktari aliyekuwa zamuni aliuliza swali moja tu la maana: amekula nini? Shangazi akasema, "Sanamaki." Ami, ambaye kwa bahati alikuwa amelala kwetu siku hiyo, akasema, "Si sanamaki." Daktari akanigeukia mimi. Nami, karani niliyekula mshahara miaka mingi kwa kazi ya kuandika majina ya watu na kuyahakiki, sikujua jina la mti ulioota mlangoni kwangu.

Daktari akaniamuru nirudi nyumbani nilete tawi. Nililileta likiwa na maua, majani na maganda. Daktari huyo alikuwa mtu wa kaskazini mwa India. Alilitazama tawi, akapondaponda jani moja, akalinusa, na uso wake ukabadilika. "Kwetu huu tunauita kasondi," alisema. Akaeleza kwamba katika wilaya za kwao watoto wadogo walikuwa wakifa kila mwaka kwa maradhi yaliyopiga ini, misuli na ubongo kwa pamoja, na kwa muda mrefu watu walidhani ni homa ya virusi, mpaka madaktari walipogundua kwamba watoto hao walikula mbegu za mti huu. Mjukuu wangu alilazwa siku mbili, damu yake ikapimwa na kupimwa tena. Alikuwa amekula kidogo na kutapika mapema. Alhamdulillahi alipona, na leo ni kijana anayenizidi kimo.

Niliporudi nyumbani niliung'oa mti ule kwa mikono yangu. Shangazi alisimama mlangoni bila kusema neno. Kisha nikautoa ule mkebe, nikamwaga yaliyomo juu ya gazeti, nikafungua daftari kubwa la zile nilizokuwa nikizitumia kazini. Nilipiga mistari ya safu kama nilivyofundishwa: jina, asili, alama za utambulisho. Ilinichukua miezi, na maswali mengi kwa watu wanaojua mimea, kuzijaza safu tatu.

Yafuatayo ndiyo niliyoyapata, nami naomba myasome kwa utulivu, hata nyinyi msiopenda habari za miti.

Mimea yote mitatu ni ya jamii ya mikunde, ile ile yenye kunde, mbaazi na ukwaju. Ndani ya jamii hiyo, yote mitatu ni ya jenasi moja iitwayo Senna, neno lililotokana na Kiarabu, sana. Zamani iliwekwa katika jenasi pana ya Cassia, pamoja na ule mti wa maua ya manjano yanayoning'inia ambao Waarabu huuita khiyar shambar. Mwaka 1982 wataalamu wawili, Irwin na Barneby, walitenganisha, na hii yetu ikabaki katika Senna. Kwa hiyo Shangazi na Ami hawakugombana bure. Mimea yao ni ndugu wa karibu: majani yao yana umbo moja la jumla, yaani jani moja lina vijani vilivyopangwa jozi jozi juu ya uti, maua yao yote ni ya manjano, na majani yao yote huendesha tumbo. Hapo ndipo Shangazi alipotegwa. Alidhani kwa kuwa dawa imefanya kazi, basi ni dawa ile ile. Ndugu wengi hufanya kazi moja na bado si mtu mmoja.

Mti wa Shangazi, ule niliong'oa, ni Senna occidentalis. Unguja una jina lake la zamani, mwingajini, na anayeponda jani lake hatauliza kwa nini jini akimbie. Harufu hiyo ndiyo alama ya kwanza. Ya pili ni kijani chake: ni kipana kiasi, kina ncha iliyochongoka, na vijani huwa vikubwa zaidi kadiri unavyokwenda kwenye kilele cha uti. Ya tatu ndiyo ya kuaminika kuliko zote, nayo ni tezi. Shika kikonyo cha jani, ufuate mpaka pale kinapokutana na kijiti. Karibu na hapo utakuta kinundu kimoja kidogo, cheusi au chekundu, kama kichwa cha pini kubwa. Sanamaki ya kweli haina kinundu hicho. Ya nne ni ganda: jembamba, refu kiasi cha sentimita kumi, limejikunja kidogo kwenda juu. Na kituko cha mwisho ni asili yake. Mti huu asili yake ni Amerika ya kitropiki, na jina occidentalis maana yake ni wa magharibi. Shangazi alidhani amebeba kwenye pindo la kanga kipande cha kwetu, kumbe kile cha kwetu nacho kilikuwa mhamiaji.

Mmea wa Ami ni Senna italica. Huota wenyewe katika nchi kavu kuanzia Afrika Magharibi mpaka India, na Oman umejaa. Wapo Waarabu wanaouita ishriq, na mke wa Ami mwenyewe aliuita hivyo siku nilipomuuliza, mumewe akatazama pembeni. Ami hakusema uongo: unaharisha kweli, na zamani uliwahi kulimwa Italia na kuuzwa kama sana, ndipo ukapata jina lake. Lakini tazama kijani chake. Ncha yake ni butu, ya mviringo, na sehemu iliyo pana iko juu kuliko chini, mfano wa kijiko kidogo. Ganda lake limepinda kama mwezi mchanga, na katikati yake, juu ya mbegu, umepita mgongo ulioinuka kama kishungi cha jogoo. Ukipitisha kidole utausikia hata gizani.

Na lile fungu langu kutoka Matrah ndilo Senna alexandrina, sanamaki aliyotunywesha Bibi. Kijani chake ni chembamba mfano wa mkuki, ncha yake imechongoka, rangi yake ikikauka ni kijani cha kufifia. Kitazame kitako chake, pale kinaposhikana na uti: pande mbili hazilingani, mmoja umeshuka kuliko mwenziwe. Alama hiyo ina faida, kwani zamani wafanyabiashara walichanganya ndani yake majani ya mmea mwingine wa jangwani uitwao harjal, usio wa mikunde kabisa, na kitako cha harjal kimelingana pande zote. Ganda la sanamaki ni bapa, jembamba kama karatasi, pana kiasi cha sentimita mbili, halina mgongo katikati. Shina la jani halina tezi. Harufu yake ni ndogo, kama ya nyasi kavu na chai.

Hapo nilidhani nimemaliza, kwani swali moja tu lilibaki: kwa nini sanamaki ya Bibi, yenye jina la Makka, itoke India? Jibu lake lilinikalisha kitako.

Biashara ya majani haya ilikuwa na majina mengi, na kila jina ni la bandari au soko. Majani yaliyochumwa Nubia na Sudan yakateremshwa kwa mto Nili yaliitwa ya Alexandria. Yale ya Bara Arabu yaliitwa ya Makka, ndiyo sana makki iliyoingia katika Kiswahili ikawa sanamaki. Mengi yake yalipakiwa mpaka Bombay na kuuzwa kutoka huko. Kisha mmea huo wa Bara Arabu ukalimwa kusini mwa India, katika nchi ya Tirunelveli, na majani yakapewa jina la Tinnevelly. Wataalamu nao wakafuata wafanyabiashara. Mfaransa Delile, aliyekwenda Misri na msafara wa Napoleon, aliipa ile ya mto Nili jina la Cassia acutifolia. Ile ya Arabuni na India ilikuwa imekwisha kupewa na Vahl jina la Cassia angustifolia. Kwa muda mrefu vitabu vya dawa vilizitaja kama spishi mbili. Leo wataalamu wa mimea wanaziweka katika spishi moja: ya Misri, ya Makka na ya India ni mmea mmoja, na jina lake ni lile alilolitoa Philip Miller, mtunza bustani wa Chelsea, mwaka 1768. Upana wa kijani unatofautiana kidogo kutoka nchi hadi nchi, lakini hautoshi kuwafanya kuwa wawili.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mtu mmoja, nami sina budi kumtaja, ingawa jina lake nalificha na ofisi nilimomkuta naiacha bila jina. Alikuja kwetu na majalada mawili. Katika moja jina lake liliandikwa kwa hati za Kizungu kama lilivyoandikwa Unguja, na katika la pili liliandikwa kwa Kiarabu kama lilivyoandikwa Oman, na baina yao ilipotea herufi moja na jina la babu wa tatu. Aliomba yaunganishwe. Mimi niliyapiga mhuri kwamba ni watu wawili. Alirudi mara nyingi kwa muda wa miezi minane, na kila mara nilimwonyesha herufi. Mwishowe alikuja na mama yake, bibi kizee aliyeshikwa mkono, ambaye hakusema chochote kuhusu herufi. Alimgeuza mwanawe, akanionyesha kovu nyuma ya sikio, na katika karatasi ya kwanza kabisa ya jalada la Unguja kulikuwa na maneno ambayo sikuyasoma hata siku moja: ana kovu nyuma ya sikio la kushoto.

Ndugu zangu, yapo makosa mawili katika kazi ya kupambanua, nami nimeyafanya yote mawili. La kwanza ni kuwafanya wawili kuwa mmoja, kama tulivyofanya nyumbani kwa mwingajini na sanamaki, na bei yake ingekuwa roho ya mtoto. La pili ni kumfanya mmoja kuwa wawili, kama nilivyomfanyia yule bwana, na bei yake ilikuwa miezi minane ya maisha yake na machozi ya mama. Yote mawili yana chanzo kimoja: kutazama jina na bandari, na kuacha kutazama kitu chenyewe. Shangazi aliitazama Unguja, Ami akaitazama wadi, mimi nikaitazama herufi. Hapana aliyetazama kikonyo.

Shangazi amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kabla ya hapo nilimsomea daftari langu, naye aliniambia niandike pia kwamba alikosea, asije mtu akamtetea. Nimeandika. Ami bado yu hai na bado anasema ya wadini ndiyo bora. Siku hizi akija huleta vifurushi viwili, kimoja kimeandikwa sana na kingine ishriq, kwa hati ya mkewe.

Kwa nyinyi mnaotumiana majani kwa posta kutoka Unguja, Maskati au Salala, nawaomba mambo matatu. Msipokee jani lisilo na ganda lake, kwani ganda ndilo ushahidi. Msiweke aina mbili katika mkebe mmoja. Na kama tumbo limewafunga, nendeni kwenye duka la dawa mkanunue vidonge vya senna vilivyopimwa. Ni dawa iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na dawa ile ile aliyotumia Bibi, ila hii kipimo chake kinajulikana. Msiinywe siku nyingi mfululizo, na mtoto asipewe bila daktari.

Na wale wenye mkebe wa zamani jikoni, wenye mbegu au majani ambayo jina lake analijua mzee mmoja tu, basi nendeni mkamuulize wiki hii, na mwende na daftari. Msimuulize limetoka wapi tu. Mwambieni awaonyeshe kwa kidole analijua kwa alama gani.